Maneno ya Mufano katika Mashairi ya Kingereza

Katika seminari zetu ndogo tunafundisha Kingereza kwa vitabu tunavyovipata. Vingine vilitungwa kwa vijana wa Marekani wenye miaka 11 hata 14, watoto wanaosema Kingereza nyumbani tangu kunyonya. Ndani ya vitabu hivi kuna sura moja ambayo walimu wengi wanaiogopa: sura ya mashairi. Kwa hiyo wanaipita mbio. Mwalimu anaandika ubaoni majina sita ama saba ya maneno ya mufano, pamoja na maana yao. Wanafunzi wanayaandika katika daftari. Siku ya mutihani wanaulizwa: Mustari huu una neno la mufano la namna gani? Wanajibu: metafora. Wanapata alama zote.

Lakini muwaulize neno moja zaidi: metafora hiyo inafanya kazi gani hapo? Watanyamaza. Wamejua jina la chombo, hawajui kinachimba nini.

Wenye vitabu hivi wenyewe hawakutaka hivyo. Kanuni za masomo ambazo majimbo mengi ya Marekani yalianza kuzipokea mwaka 2010 zinadai kwamba kijana wa darasa la sita hata la nane aweze kueleza neno lina maana gani pale lilipowekwa, hata kama ni neno la mufano. Aweze kusema neno linaleta harufu gani zaidi ya maana yake ya wazi. Tena aweze kuonyesha sauti zinazorudi-rudi zinaongeza nini katika shairi. Jina la mufano ni mwanzo tu wa kazi hiyo.

Tuanze na mufano ulio rahisi, ule wa kulinganisha kitu na kitu. Vitabu vinafundisha kwamba mulinganisho unajulikana kwa maneno «like» na «as», yaani «kama». Basi mwanafunzi anawinda neno «kama», na kila anapolikuta anapiga mustari chini yake. Hapo anapotea. Tukisema: Ziwa la Kivu ni kama Ziwa la Tanganyika, hatujatoa mufano wo wote; tumelinganisha ziwa na ziwa, kama vile muchuuzi anavyolinganisha kikapu na kikapu. Lakini tukisema: Leo ziwa ni kama kioo, tumetoka katika jamii ya maziwa, tumekwenda kukopa kitu katika nyumba ya watu. Mufano unaanza pale tu ambapo vitu viwili ni vya jamii mbili mbalimbali. Katika kukopa huko hatuchukui kioo chote. Hatusemi kwamba ziwa linavunjika likianguka. Tunachukua utulivu wake na kule kurudisha sura ya mutu anayeinama. Mengine tunayaacha dukani.

Tukiliondoa neno «kama» na kusema: Ziwa ni kioo, ndiyo metafora. Aristoteli zamani aliona kwamba vitu hivi viwili vinatofautiana kidogo tu: kusema kwamba Akile aliruka kama simba ni mulinganisho, kusema kwamba simba aliruka, ukimutaja Akile mwenyewe, ni metafora. Mwaka 1936 Mwingereza I. A. Richards alitoa majina mawili yanayosaidia sana darasani. Alisema katika kila metafora kuna kitu kinachobebwa, ndicho kinachosemwa kweli, na kuna kibebaji, ndicho kilichokopwa. Sisi tunaongeza swali la tatu, ambalo ndilo kubwa: kibebaji kimeleta nini, na kimeacha nini? Mwanafunzi akiweza kujibu hayo matatu, basi asumbuliwe kidogo tu juu ya majina.

Tutazame shairi moja fupi sana, la Mumarekani Carl Sandburg, katika kitabu chake Chicago Poems cha mwaka 1916. Jina lake ni «Fog», maana yake ukungu. Lina mistari 6 na maneno 21 tu, na vitabu vingi vya shule vinalo. Kinachobebwa ni ukungu unaoingia katika bandari. Kibebaji ni paka. Shairi linakopa nini kwa paka? Linakopa mwendo usio na kelele, na kule kukaa akitazama bila kusema anatazama nini, kisha kuondoka bila kuaga. Makucha limeyaacha. Kulia kwake usiku limekuacha. Kukamata panya, hata kidogo. Tena neno «kama» halimo. Mwalimu afanye jaribu hili: aondoe paka, aweke chui. Chui vilevile anakwenda kimya. Lakini mara moja muji unaingia hofu, na ukungu unakuwa adui. Aweke ngombe: ukungu unakuwa muzito na kulala mahali pamoja. Kwa kubadili munyama, wanafunzi wanaona kwa macho yao kwamba mutunga mashairi alichagua, na kwamba alikuwa na sababu. Sisi hatujui njia nyingine inayofundisha upesi hivi.

Sasa tuje kwa taabu ambayo wenye vitabu hawakuifikiri, kwani hawakutufikiri sisi. Mufano una inchi yake. Soneti ya 18 ya Shakespeare, katika zile 154 zilizochapwa mwaka 1609, inamulinganisha mupenzi na siku ya «summer», na inaona kwamba mupenzi anaishinda. Mwanafunzi anafungua kamusi, anakuta: kiangazi. Basi anaona nini? Kwetu Katanga kiangazi ni vumbi, ni majani yaliyochomwa moto, ni baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita inayoumiza masikio. Mupenzi gani atafurahi kulinganishwa na hayo? Mwanafunzi akifikiri kwamba mutu huyu anamutukana mupenzi wake, hana ujinga. Amesoma vizuri, kwa macho ya inchi yake.

Sharti mwalimu amweleze hali ya Uingereza. Kule muchana si wa saa 12 mwaka muzima kama kwetu karibu na ekweta. Katika mwezi wa kumi na mbili jua la London linashuka mbele ya saa kumi za jioni. Katika mwezi wa sita linashuka saa tatu za usiku na zaidi. Watu wamekaa miezi mingi katika giza na mvua ya baridi, kisha mwanga unarudi, maua yanafunguka, watoto wanacheza inje hata usiku. Lakini wakati huo ni mufupi, na upepo unaweza kuuharibu. Hapo ndipo penye nguvu ya soneti ile: anakopa kitu kizuri kuliko vyote vya inchi yake, kisha anakilaumu kwa sababu hakikai. Kwetu, kinachokaribia siku hiyo si kiangazi, ni siku ile mvua ya kwanza imekwisha kunyesha na majani mabichi yanatoka katika majivu. Tusiandike hivyo katika tafsiri ya shairi, lakini tuseme hivyo darasani, kusudi mwanafunzi aisikie furaha ile katika mwili wake.

Kuna mifano mingine isiyohitaji pasaporo. Langston Hughes, Mumarekani mweusi, alitoa mwaka 1922 shairi la mistari 20, «Mother to Son». Mama anaongea na mwana wake. Maisha yake anayaita ngazi ya nyumba, na tangu hapo haachi tena mufano huo: anataja misumari iliyotokea juu, vipande vya muti vinavyochoma, mbao zilizong'oka, mahali pasipo zulia, pembe za giza. Mama anapanda tu. Hapa metafora si kama pilipili iliyonyunyizwa juu ya chakula. Ndiyo chakula chenyewe. Mwanafunzi atafute kila musumari: msumari ni nini katika maisha ya mwanamuke maskini? Shairi halisemi. Linamwachia kila musomaji aingize misumari anayoijua. Tena mama huyo anasema Kingereza cha nyumbani, si cha shule, na Hughes hakukisahihisha. Walimu wanaokisahihisha ubaoni wanamunyang'anya mama yule sauti yake.

Tupite kwa haraka juu ya maneno ya kuzidisha, kwani hapo wanafunzi wetu hawana shida: mutoto anayesema kwamba amekufa na njaa anajua vema kwamba yu muzima. Lakini tusimame juu ya mufano ule wa kufanya kitu kuwa mutu, kwani hapa luga yetu inaweza kufundisha Kingereza kuliko Kingereza chenyewe.

Mumarekani Emily Dickinson alikufa mwaka 1886. Aliacha karibu mashairi 1,800, na yaliyochapwa angali hai hayafiki hata 20. Moja lililotoka mwaka 1890 linaonyesha kifo kama bwana mwenye adabu anayesimamisha gari lake la farasi kumuchukua bibi mumoja. Katika Kingereza vitu visivyo na uhai vinaitwa «it». Yeye anakiita kifo «he», kama mwanamume. Mabadiliko yote yamo katika neno hilo dogo, na mwanafunzi anayesoma mbio halioni. Tukimufasiria kwa Kifransa, jambo lingine linatokea: katika Kifransa neno «kifo» ni la kike, basi yule bwana anageuka bibi. Lakini tutafsiri kwa Kiswahili. «Kifo kilisimama»: hapo kifo ni kitu, sawa na kiti ama kisu. «Kifo alisimama»: masikio ya kila mutu yanashituka, hata ya mutoto wa miaka mitano. Silabi moja imefanya kitu kuwa mutu. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Andikeni sentensi hizo mbili ubaoni na kungojea kicheko.

Angalieni tu mutego mumoja. Katika luga yetu wanyama pia wanapata «a»: simba anakuja, mbuzi anakula. Hiyo ni sarufi, si mufano. Sungura wa hadisi anakuwa mutu si kwa sababu ya «a», bali kwa sababu anafanya shauri, anadanganya, na kudai deni lake.

Kisha kuna maneno ambayo zamani yalikuwa mufano, na sasa yamekufa. Waingereza wanasema juu ya mutu aliyekufa, kwa muzaha, kwamba amepiga ndoo teke. Musitumie maswali yetu matatu hapo, hayatatoa kitu. Ni usemi uliokauka, sharti kuushika kwa kichwa, kama vile mugeni anavyoshika kwamba «kula kiapo» hakuhitaji meno. Hata hivyo misemo mingine iliyokauka ina mizizi ambayo mwanaseminari atapenda kuifukua. Mwaka 1530 William Tyndale, akitafsiri sura ya 16 ya Walawi, alitunga neno moja la Kingereza, «scapegoat», kwa yule mbuzi aliyefukuzwa jangwani na zambi za watu juu yake. Mutakatifu Yeronimo alikuwa amemwita kwa Kilatini mbuzi aliyetumwa, na Wafransa wamelifuata neno lake. Leo Mwingereza anatumia neno la Tyndale juu ya karani anayefukuzwa kwa kosa la mukubwa wake, na hafikiri tena juu ya mbuzi. Vilevile sisi tunasema «shingo ngumu» bila kumwona ngombe anayekataa nira.

Hapa tunagusa kazi ya wasomaji wetu wenyewe, makatekista na mapadri. Maswali yale matatu si ya Kingereza tu. Zaburi ya 114, ambayo katika Vulgata ni sehemu ya ile ya 113, inaonyesha milima ikirukaruka kama kondoo waume. Mutu anayeuliza kama tetemeko la inchi lilitokea siku ile na lilivunja nyumba ngapi, amekataa kibebaji. Lakini kuna kosa la upande wa pili, na hilo linawapata watu wenye elimu zaidi: kutoacha kitu dukani. Mutakatifu Agostino, akieleza mufano wa Musamaria mwema, aliona katika nyumba ya wageni Eklezia, katika mwenye nyumba mutume Paulo, na katika dinari mbili amri mbili za mapendo. Agostino alikuwa Agostino, na watu wake walijua kwamba anawachezea ngoma nzuri. Lakini sisi, tukikamua hivyo kila kitu, hata punda, wasikilizaji wanatoka kanisani na punda mikononi, na yule mutu aliyelala njiani wamemusahau. Kibebaji kimeleta nini, na kimeacha nini: swali hili muhubiri ajiulize mbele ya kupanda juu.

Imebaki habari ya sauti, nayo ni nusu ya shairi. Mwanafunzi wetu amejifunza kwa Kifransa kwamba mistari inapimwa kwa kuhesabu silabi. Mustari wa Racine una silabi 12. Mashairi ya Waswahili wa pwani nayo yanahesabu silabi, mara nyingi 16 kwa mustari. Kingereza kinapenda zaidi kuhesabu mapigo, yaani silabi zinazotamkwa kwa nguvu. Katika Kiswahili nguvu inakaa karibu sikuzote juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatuifikiri hata kidogo. Katika Kingereza inahamahama: «record» ikilemewa mwanzoni ni jina, ikilemewa mwishoni ni tendo. Mustari wa kawaida wa Shakespeare una silabi 10, lakini anachosikia Mwingereza ni mapigo 5, moja jepesi na moja zito, moja jepesi na moja zito, kama mutu anayetembea. Mwanafunzi asihesabu kwa vidole. Apige kwa mukono juu ya meza, na asome kwa sauti. Shairi la Kingereza linalosomwa kwa macho tu ni ngoma iliyotundikwa ukutani.

Namna ya zamani kuliko zote ya kufunga mistari ile haikuwa kulinganisha sauti za mwisho, ilikuwa kulinganisha sauti za mwanzo. Beowulf, shairi kubwa la mistari 3,182, lililookoka katika kitabu kimoja tu kilichoandikwa kwa mukono karibu na mwaka 1000 na kinachowekwa London, limejengwa hivyo: kila mustari umekatwa vipande viwili, na herufi za mwanzo za maneno mazito zinavishona. Ndani yake bahari inaitwa njia ya nyangumi, na mwanafunzi anayejua mafumbo ya bibi yake hatakaa muda mrefu kulifumbua jina hilo.

Mutu aliyelirudishia Kingereza tamu hiyo ya zamani alikuwa padri. Gerard Manley Hopkins, Muyezuiti, alipata upadri mwaka 1877 na kufa Dublin mwaka 1889. Masista 5 Wafransiska walipozama katika meli Deutschland mwezi wa kumi na mbili mwaka 1875, alitunga juu yao shairi refu lenye mapigo mazito yanayogongana kama mawimbi. Gazeti la Wayezuiti wenzake halikulichapa. Rafiki yake Robert Bridges alitoa mashairi yake mwaka 1918, miaka 29 baada ya kifo chake. Ni magumu kwa vijana wa darasa la saba. Lakini mwalimu awasomee mistari kumi kwa sauti, bila kueleza. Watasikia vyuma vinavyopigana.

Juu ya maneno yanayoiga sauti, vitabu vya Kingereza vinatoa mifano michache, sauti ya nyuki, ya kengele, ya bata, na vinayaita jambo kubwa. Wanafunzi wetu wanashangaa kwamba ni hayo tu. Sisi tunasema kitu kimeanguka pu, nguo ni nyeupe pee, damu ni nyekundu pyu. Hata tumepita kuiga sauti, kwani weupe hauna sauti, na bado tumeupatia neno la masikio. Mwanafunzi aliyekulia katika maneno hayo haji katika somo la mashairi na mikono mitupu, na ni vema mwalimu amwambie hivyo siku ya kwanza.

Kwa kazi ya nyumbani, tunashauri jambo moja. Wakiisha kusoma shairi la Sandburg, waandike juu ya ukungu wa kwao, ule unaoshuka asubuhi juu ya vilima vya Kivu ama juu ya muto, kwanza kwa luga ya mama, kisha kwa Kingereza, mistari sita tu. Neno «paka» limekatazwa. Mumoja ataandika kwamba ukungu ni mwizi. Musimusifu bado. Mumuulize: mwizi huyu anaiba nini? Akijibu kwamba anaiba mulima, na kwamba saa tatu anaurudisha mwenyewe kwa hofu ya jua, mumurudishie daftari lake aendelee na mustari wa pili.